Mtoto Hatulii: Wa Kuchapwa, wa Kulishwa au wa Kutibiwa?

Alasiri, barabara inayoteremka kutoka Maua hadi Meru mjini na kuendelea kuelekea Nairobi si ya mwoga. Magari ya miraa hupita kwa kishindo, magunia yamepangwa hadi juu, taa zinawaka mchana kweupe, honi hazinyamazi. Mgeni hudhani madereva wamepagawa. Mwenyeji anajua kwamba wanakimbizana na saa. Mara vichipukizi vya miraa vinapochumwa, kathinoni, kemikali ya kuchangamsha iliyomo ndani yake, huanza kupotea, na baada ya siku mbili hivi sehemu kubwa huwa imegeuka kathini, ambayo nguvu yake ni hafifu. Ndiyo maana kibunda hufungwa kwa majani ya mgomba kisikauke, na ndiyo maana gari la miraa halimngoji mtu.

Upande wa Embu, katika nyanda kavu za Mbeere, ndugu yake ni muguka, ambayo hutafunwa majani yenyewe. Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoipiga marufuku, Gavana Cecily Mbarire aliongoza viongozi wa Embu kumwona Rais William Ruto, na Rais akatangaza kwamba marufuku hiyo haina nguvu, kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa.

Kathinoni na amfetamini ni watoto wa nyumba moja. Maabara ya Umoja wa Mataifa iliibainisha kathinoni mwaka 1975, na kufikia 1986 ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya kemikali zinazodhibitiwa kimataifa, ingawa mmea wenyewe uliachwa. Amfetamini na jamaa zake, kwa upande mwingine, ndizo dawa ambazo mamilioni ya watoto wa Marekani na Ulaya humeza asubuhi kabla ya kwenda shule, ili waweze kukaa kitini na kumsikiliza mwalimu.

Hivyo basi Meru na Embu zimeketi juu ya kitendawili. Kichangamshi cha kienyeji kinauzwa kila kona ya soko, bila kipimo na bila cheti cha daktari. Kidonge cha ukoo huohuo, kilichopimwa kwa miligramu, mzazi anaweza kukitafuta hospitali hadi hospitali asikipate. Na katikati ya hali hizo mbili yupo mtoto wa gredi ya tatu ambaye hatulii.

Mwalimu yeyote aliyeshika chaki Igembe, Imenti, Runyenjes au Mbeere anamjua. Huyu ndiye aliyepoteza penseli tatu wiki hii na sasa anaazima ya nne. Hujibu kabla swali halijaisha. Kola ya sweta ameitafuna hadi imekuwa nyuzi. Akitumwa kisimani na mtungi, hurudi baada ya nusu saa bila maji na bila mtungi, kwa kuwa njiani aliona kinyonga. Daftari lake lina hesabu sita: mbili za kwanza ni sahihi na nadhifu, ya tatu imeachwa njiani, zilizobaki hazikuguswa. Si mjinga, na mwalimu anajua si mjinga. Hilo ndilo humkasirisha zaidi.

Wapo pia wasiosumbua mtu. Msichana aliyeketi karibu na dirisha, kimya, macho kwenye daftari na mawazo mbali. Huyo hachapwi wala haitiwi mzazi. Anafika mwisho wa muhula akiwa na alama za chini, na ripoti inasema "ajitahidi."

Majina ya yule asiyetulia ni mengi: mtundu, mtukutu, kichwa ngumu, asiye na adabu, aliyerogwa. Kliniki ina jina jingine, tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliopindukia, ambalo madaktari hulifupisha kuwa ADHD. Mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa na wataalamu wengi, toleo la 2013, unataka dalili zisizopungua 6 kati ya 9 za kutokuwa makini, au 6 kati ya 9 za utukutu na pupa. Unataka zidumu kwa miezi 6, baadhi yake ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane katika mazingira zaidi ya moja, yaani nyumbani na shuleni pia, na ziwe zinamharibia mtoto maisha yake. Anayesumbua shuleni peke yake huenda ana shida na shule hiyo. Anayesumbua nyumbani peke yake, huenda nyumbani kuna jambo.

Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliotolewa mwaka 2007 uliweka kiwango cha tatizo hili duniani kuwa takriban asilimia 5 ya watoto. Kwa darasa la watoto 60, hao ni watatu.

Vidonge vya hesabu

Kisa cha dawa hizi kilianza kwa bahati. Mwaka 1937, daktari Charles Bradley, aliyekuwa akisimamia hospitali ya watoto wenye matatizo ya tabia katika jimbo la Rhode Island, Marekani, alikuwa na wagonjwa waliolalamika kuumwa kichwa baada ya kipimo cha ubongo cha enzi hizo, kilichohusu kutoa maji ya uti wa mgongo. Aliwapa Benzedrine, aina ya amfetamini, akitumaini ingepunguza maumivu. Kichwa hakikupona sana. Lakini walimu walimjia na habari nyingine: takriban nusu ya watoto 30 waliopewa dawa walikuwa wamebadilika darasani, wakakaa, wakamaliza kazi. Watoto wenyewe walivibandika jina, vidonge vya hesabu.

Miaka 7 baadaye, mwaka 1944, mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, alitengeneza methilifenideti. Mkewe, Marguerite, ambaye kwa mkato aliitwa Rita, aliijaribu, na dawa ikapewa jina lake: Ritalin. Leo methilifenideti ndiyo dawa ya ADHD iliyochunguzwa kuliko zote.

Mtu hujiuliza inakuwaje kichangamshi kimtulize mtoto ambaye tayari amechangamka kupita kiasi. Jibu ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "ngoja kwanza", hufanya kazi kwa kutumia dopamini na noradrenalini. Kwa mtoto mwenye ADHD, breki hiyo imelegea. Methilifenideti huzuia kemikali hizo zisirudishwe haraka zilikotoka, na breki hushika. Mtoto halali wala hapumbazwi. Ndani ya saa moja hivi anaweza kuisikia sentensi ya mwalimu hadi nukta. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa saa 4 hivi, kisha huisha, na mtoto anarudi kuwa alivyokuwa.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuata watoto 579 kwa miezi 14. Waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walipungukiwa na dalili kuliko waliopata mafunzo ya tabia peke yake. Miaka mitatu tangu utafiti uanze, tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa imetoweka. Waliounga mkono dawa na walioipinga wote wamekuwa wakiunukuu utafiti huohuo tangu wakati huo, kila mmoja akichagua ukurasa wake.

Marekani yenyewe imefika mbali. Uchunguzi wa mwaka 2022 wa shirika la serikali la kudhibiti magonjwa ulionyesha kwamba watoto milioni 7, au asilimia 11.4, waliwahi kuambiwa wana ADHD, na zaidi kidogo ya nusu ya wenye tatizo hilo wakati huo walikuwa wakitumia dawa. Si wote walioihitaji. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, watafiti walipitia rekodi za zaidi ya watoto 900,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2012: wavulana waliozaliwa Desemba, ambao huko ndio wadogo kabisa darasani, walikuwa na uwezekano mkubwa kwa asilimia 41 wa kupewa dawa kuliko waliozaliwa Januari. Wengine miongoni mwao walikuwa wakitibiwa utoto.

Githeri ya Kyeni

Hoja ya kwamba si kila asiye makini ni mgonjwa haihitaji kwenda Kanada. Ushahidi wake ulikusanywa Kyeni Kusini, katika Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya yenye kahawa, mahindi na maharagwe.

Mwaka 1984 kundi la watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mmoja wa mabingwa wa kwanza Waafrika wa tiba ya watoto nchini, walianza kupima chakula, kimo na tabia za watoto wa Kyeni. Katikati ya kazi hiyo mvua zikakataa. Ukame wa 1984 ulipofika, watafiti walikuwa tayari na vipimo vya kabla. Waliyoyaona yaliandikwa baadaye kwenye majarida ya kitaaluma: chakula cha watoto wa shule kilipungua, uzito ukashuka, kucheza uwanjani kukapungua, na umakini wao darasani ukashuka pia. Wale wadogo wa miaka miwili hivi hawakuathirika vivyo hivyo, kwa kuwa familia ziliwakinga kwanza. Aliyebeba njaa alikuwa yule wa shule, aliyeonekana mkubwa wa kutosha kuvumilia.

Fikiria mwalimu wa mwaka huo ambaye hakuwa na karatasi za watafiti. Alichoona ni watoto wanaoduwaa, wasiosikia mara ya kwanza, wasiomaliza kazi. Angepewa fomu ya dalili za ADHD, angetia alama nyingi tu.

Mwaka 1998 watafiti walirudi Kyeni na jambo jingine, safari hii la vitendo. Shule 12 za msingi ziligawanywa makundi manne. Katika kundi moja, watoto wa darasa la kwanza walipewa githeri yenye nyama ya kusaga kila siku ya masomo. Kundi la pili walipata githeri na maziwa. La tatu, githeri iliyoongezwa mafuta ili nguvu ya chakula ilingane na wengine. La nne halikupewa chakula, na familia zake zilifidiwa kwa mbuzi wa maziwa mwishoni. Chakula hakikupakuliwa kwa makadirio, kila sahani ilipimwa.

Baada ya takriban miaka miwili, waliokula nyama walikuwa wamewapita wenzao katika mtihani wa kufikiri kwa michoro. Uwanjani walikuwa wachangamfu zaidi, na ndio walioanzisha michezo na kuongoza wengine. Kundi la maziwa halikupata faida hiyo katika mtihani wa michoro, jambo lililowashangaza wengi katika eneo ambako ng'ombe wa maziwa ndiye benki ya nyumba. Wataalamu walielekeza kidole kwa madini ya chuma na zinki, pamoja na vitamini B12, ambayo wengi wa watoto hao walikuwa na upungufu wake tangu mwanzo.

Utafiti huo haukuhusu ADHD, na hakuna aliyedai kwamba nyama inaiponya. Alichokithibitisha mtoto wa Kyeni ni kwamba tumbo huingia darasani pamoja na mwenyewe.

Njaa si sababu pekee inayojificha nyuma ya utukutu. Katika nyanda za chini za Mbeere na Tharaka, malaria bado ipo, na watafiti wa Kilifi wameonyesha kwa miaka mingi kwamba malaria kali inayofika ubongoni inaweza kumwachia mtoto kifafa, upungufu wa kumbukumbu na umakini uliotetereka. Masikio yanayotoa usaha kila msimu wa baridi humfanya mtoto aonekane mkaidi kumbe hasikii. Minyoo na upungufu wa damu humlegeza. Pombe aliyokunywa mama akiwa mjamzito inaweza kumwachia mtoto ubongo usiotulia. Na nyumba yenye ugomvi kila usiku humleta shuleni mtoto aliyekesha.

Kuna moja ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Fenobabitoni ni dawa ya kifafa iliyo rahisi kwa bei, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), na kwa miongo mingi imekuwa tegemeo la vijijini. Kwa baadhi ya watoto ina kasoro inayojulikana: huwafanya wasitulie kabisa. Degedege linakoma, utukutu unaanza, na familia inadhani ugonjwa umehamia kichwani. Pengine kinachotakiwa ni daktari kubadilisha dawa ya kifafa, wala si kuongeza nyingine juu yake.

Kidonge kinapohitajika

Baada ya kuondoa hayo yote, wanabaki watoto ambao wamekula, masikio yao ni mazima, nyumbani kwao kuna amani, na bado hawawezi kukaa dakika 5. Hao ndio wenye ADHD hasa. Kuwanyima dawa kwa sababu Wamarekani wameitumia vibaya ni sawa na kumnyima mgonjwa kiuavijasumu kwa sababu jirani hukinywa akiwa na mafua.

Mwongozo wa WHO kwa wahudumu wasio mabingwa wa akili uko wazi. Kwanza ni mafunzo kwa wazazi na msaada darasani. Hayo yasipotosha, na mtoto akiwa ametimiza miaka 6, methilifenideti inaweza kuanzishwa chini ya mtaalamu. Tatizo ni kumpata mtaalamu na kuipata methilifenideti.

Sensa ya 2019 iliihesabia Meru watu 1,545,714 na Embu watu 608,599. Hospitali kuu za rufaa za kaunti hizo mbili zina huduma za afya ya akili, lakini bingwa wa akili za watoto ni mtu adimu hata Nairobi. Mzazi wa Mutuati au Siakago anayeambiwa amwone bingwa anaambiwa, kwa maneno mengine, atafute nauli, alale mjini, na arudi tena baada ya mwezi ili uzito na mapigo ya moyo ya mtoto yapimwe.

Dawa yenyewe inadhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa 1971, kwa hiyo kuiagiza, kuihifadhi na kuiandika kunahitaji makaratasi. Mwaka 2019 WHO iliombwa iiweke kwenye orodha ya dawa muhimu, ikakataa. Ikaombwa tena, na mwaka 2021 ikakataa tena. Wataalamu wake walisema ushahidi wa muda mrefu ni dhaifu, na wakatilia shaka kama nchi zenye wahudumu wachache zinaweza kufanya uchunguzi na ufuatiliaji ipasavyo. Hoja hizo si za kupuuzwa: mapitio ya mwaka 2015 ya majaribio 185 yenye zaidi ya watoto 12,000 yaliona kwamba dawa inaonekana kusaidia, lakini ubora wa ushahidi ni wa chini. Hata hivyo uamuzi huo una gharama. Nchi nyingi huandika orodha zao zikitazama ya WHO, na dawa isiyo kwenye orodha haitengewi fedha.

Pengo hilo huzibwa kwa dawa nyingine. Klonidini na imipramini zimetumika sana katika nchi zisizo na methilifenideti, na imipramini inahitaji kuangalia moyo. Pengine mtoto huandikiwa dawa za wagonjwa wa akili waliochanganyikiwa, kwa sababu ndizo zilizopo kwenye kabati. Atatulia, ndiyo, lakini kutulia kwa kulegea. Mate yanamtoka, anasinzia juu ya dawati, na mwalimu anasema afadhali. Mzazi ana haki ya kuuliza jina la dawa, na kuuliza kama mtoto wake ametulizwa au amelegezwa.

Madhara ya methilifenideti hayahitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Igembe kwa maneno ya kigeni. Anayekula miraa anajua kwamba chakula cha jioni hakipandi na usingizi haushuki. Ndivyo ilivyo, kwa kiasi kidogo na kilichopimwa, kwa mtoto anayemeza kidonge: hamu ya chakula hupungua, kichwa au tumbo huweza kuuma, usingizi huchelewa, mapigo ya moyo huongezeka kidogo. Watoto wa ule utafiti wa Marekani walioanza na kuendelea na dawa kwa miaka mitatu walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 2 kuliko wasioitumia.

Hapo ndipo githeri ya Kyeni inaporudi mezani. Mtoto wa Boston akikosa hamu mchana, friji inamngoja jioni. Mtoto ambaye mlo wake wa maana ni ule wa shuleni saa saba, akifika mezani dawa ikiwa bado inaua njaa, amenyang'anywa mlo huo. Kwa hiyo daktari anayeandika dawa hii Embu au Meru lazima aulize mtoto anakula nini na saa ngapi. Uji mzito au kiamshakinywa kabla ya kidonge, sahani iliyowekwa kando kwa jioni dawa ikishaisha nguvu, na mizani kila anaporudi kliniki.

Isisahaulike kwamba undugu wa kidonge na miraa ni wa kemia tu. Miraa haina kipimo, hupanda na kushuka isivyotabirika, na inajulikana kwa kukosesha usingizi, kupandisha shinikizo la damu na, kwa wanaoizidisha, kuleta wasiwasi na hata kuchanganyikiwa. Anayempa mtoto muguka ili atulie asome anamdhuru.

Fimbo na jina la Mathari

Kwa wengi, kizuizi cha kwanza si nauli. Ni neno "akili". Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya wendawazimu, na jina lake limekuwa tusi la mtaani kwa vizazi. Mama akisikia "dawa za akili", anachoona mbele yake ni harusi ya mwanawe itakayokosa bibi. Jopo la serikali lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa. Juni 2022 marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yalitiwa saini na kuzipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo.

Wakati sheria zinaandikwa, tiba iliyo karibu na mtoto huyu imebaki ni kiboko. Adhabu ya viboko shuleni ilifutwa mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinaitaja kuwa kosa. Bado vijiti vipo kwenye kona za ofisi za walimu. Kwa mtoto mwenye ADHD, kiboko hakina hata ile faida ndogo ambayo watetezi wake hukisifia: kosa analolifanya hakulipanga, na kumbukumbu ya maumivu haifiki mbele ya breki iliyolegea. Anachojifunza ni kwamba yeye ni mbaya.

Yanayosaidia darasani hayagharimu. Mtoto aketi mbele, mbali na dirisha na mlango. Apewe hesabu mbili, azilete, ndipo apewe nyingine mbili. Atumwe chaki, afute ubao, agawe vitabu, ili mwili upate kazi halali. Maagizo yawe moja moja, jina lake likitangulia. Sifa itolewe papo hapo, kwa kitu mahususi. Nyumbani, saa za kula, za kazi ya shule na za kulala zisibadilikebadilike, na mzazi asitoe tishio asiloweza kulitimiza. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanza nchini mwaka 1984, vinaweza kumpima mtoto na kuiandikia shule ushauri.

Bunge la Kaunti ya Meru na lile la Embu hujadili miraa na muguka kila msimu, na ni haki yao, kwa kuwa ndizo zinazolipa karo. Mabunge hayo yapitishe pia fungu la mambo matatu: mafunzo ya ADHD kwa maafisa wa kliniki na wauguzi wa hospitali ndogo, bingwa wa akili za watoto anayezuru kaunti kwa ratiba inayojulikana, na akiba ndogo ya methilifenideti inayofungiwa na kuhesabiwa katika hospitali za rufaa. Mlo wa mchana shuleni uwe sehemu ya mpango huohuo, usitengwe.

Na mzazi ambaye mwanawe hatulii asingoje bajeti. Aandike kwa wiki mbili mtoto amekula nini, amelala saa ngapi, na utukutu ulitokea wapi. Amwombe mwalimu aandike yake. Masikio na macho yapimwe, damu na minyoo pia, kisha daftari hilo liende naye kliniki. Na ikiwa mtoto anatumia dawa ya kifafa, asiiache ghafla, bali pakiti yake iwekwe juu ya meza ya daktari kabla ya neno lolote kusemwa.